Mkataba wa hali bora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafanyakazi wa sekta binafsi

Nimekuwa katibu wa tawi la chama kiwandani Dar es Salaam kwa miaka mingi, na hata baada ya kumwachia mwenzangu nafasi hiyo maswali hayakukoma. Mengine huulizwa getini wakati wa kubadilishana shifti, mengine kwa simu usiku, mtu akiwa ameshika barua ambayo haielewi. Nimeyakusanya hapa yale yanayojirudia. Majibu yanafuata sheria za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za kazi.

Mkataba wa hali bora ni nini? Si nina mkataba wa ajira tayari?

Mkataba wa ajira ni wako na mwajiri, ninyi wawili. Mkataba wa hali bora hufungwa kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri kwa ajili yenu nyote. Humo ndimo mnamokuta nyongeza ya mshahara, posho ya usafiri na nyumba, chakula cha shifti ya usiku, matibabu ya familia, gharama za msiba, sare na viatu vya kazi, na utaratibu wa kushughulikia malalamiko.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa vitu kadhaa hata bila chama: saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, saa za ziada zinazolipwa mara moja na nusu, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya kazi ya usiku. Hayo hayashushwi kwa mazungumzo. Hali bora huanzia hapo na kupanda.

Wazee wetu wanasema zamani hakukuwa na kuhangaika hivi. Ni kweli?

Ni kweli kwa sehemu, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu matatizo yetu mengi ya leo yana mizizi huko.

Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1947. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilipoanzishwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu, vyama vyake vilikaa na waajiri uso kwa uso, tena vikiwa na uwezo wa kusimamisha kazi. Baada ya uhuru njia hiyo ikaanza kuzibwa. Sheria ya mwaka 1962 ilibana mgomo. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi ya Januari, TFL ikavunjwa na NUTA ikaundwa kwa sheria: chama kimoja cha wafanyakazi wote, na katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, ndiye aliyekuwa pia Waziri wa Kazi. Fikiria mtu huyo mmoja anakaa upande gani wa meza. Kuanzia 1967 makubaliano ya mishahara yalipaswa kupitia baraza la kudumu la kazi lililowekwa na serikali. JUWATA, iliyochukua nafasi ya NUTA, ilipokuja mwaka 1978 ilikuwa jumuiya ya CCM.

Sipendi kuwabeza watu wa wakati ule. Kazi ilikuwa na uhakika, na Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwapa wafanyakazi ujasiri wa kuwakatalia mameneja wababe. Viwandani watu walisimamisha mashine wakiutaja kifungu kwa kifungu. Lakini mshahara wenyewe ulipangwa juu, na chama kikawa cha kupeleka taarifa chini.

Halafu mambo yakageuka kwa haraka. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, bei na biashara zikaachiwa. Kuanzia miaka ya 1990 mashirika ya umma, ambayo yalikuwa takriban 400, yakawekwa chini ya PSRC, tume ya serikali ya kurekebisha mashirika hayo, yauzwe, yakodishwe au yafungwe. Benki ya taifa ya biashara, NBC, iligawanywa mwaka 1997, sehemu moja ikauzwa kwa benki ya Afrika Kusini mwaka 2000. Viwanda vya nguo vilivyokuwa vikilisha mitaa mizima vikafunga milango au kuingia ubia. Vyama navyo vikaachiwa: OTTU, iliyochukua nafasi ya JUWATA, mwaka 1991, sheria mpya ya vyama mwaka 1998, kisha TUCTA kama shirikisho la hiari.

Kwa maoni yangu tatizo liko hapa. Serikali ilipojiondoa kwenye meza ya mshahara na mwajiri binafsi akakaa, upande wetu ulikuwa umekaa karibu miaka 30 bila kujadiliana kwa maana halisi. Tulijua kuandika risala ya Mei Mosi. Kusoma mizania ya kampuni hatukujua. Sheria mbili za mwaka 2004, hiyo ya ajira na ile ya Taasisi za Kazi, zilitupa chombo cha kujadiliana, lakini hazikutupa mshahara. Mshahara mtautafuta wenyewe, kiwanda kwa kiwanda, na anayengoja utangazwe redioni anangoja muda mrefu sana.

Kima cha chini si kinatangazwa na serikali? Kwa nini tujadiliane?

Kinatangazwa, kwa sekta, baada ya kazi ya bodi za mishahara. Tazama mwendo wake. Amri ya mwaka 2013 iliweka shilingi 115,000 kwa mwezi kwa viwanda na biashara. Amri iliyofuata ilianza kutumika 1 Januari 2023, ikaweka shilingi 150,000. Ni karibu miaka kumi katikati. Katika miaka hiyo mchele, nauli na kodi ya chumba havikusimama kungoja amri. Waliopata nyongeza ni wale waliokuwa na mkataba wa hali bora au mwajiri mwenye huruma, na huruma haina tarehe ya kulipwa.

Mwajiri anasema "hapa hatutambui chama". Anaruhusiwa?

Haruhusiwi kukuzuia kujiunga, wala kukuadhibu kwa kujiunga. Kutambua chama kama msemaji pekee kwenye majadiliano ni jambo lingine, na hilo linategemea hesabu: chama kilichosajiliwa kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi katika eneo la majadiliano, yaani kundi la wafanyakazi ambalo mkataba utawahusu. Mkishafika hapo, chama kinampelekea mwajiri notisi kwenye fomu maalumu, naye ana siku 30 za kukutana nanyi. Akikaa kimya au akikataa, mnakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Ikishindikana huko, Mahakama ya Kazi ndiyo inayoamua.

Kwa hiyo kila kitu kinasimama kwenye kuhesabu watu. Nitawasimulia yetu. Tulikuwa na fomu 187 za kukubali makato ya chama, fomu ile ya TUF 6, zimesainiwa na kuwekwa kwenye boksi la biskuti. Afisa utumishi akaleta orodha ya watu 391. Nusu yake ni 195 na kitu. Tukaambiwa hatujafika, turudi tukafanye kazi. Mwenyekiti wetu, mama wa idara ya kufuma, akaomba orodha ile isomwe jina kwa jina. Ilituchukua mchana mzima. Tukakuta mameneja waandamizi 14, ambao kwa sheria hawawezi kuwa kwenye chama kimoja na wafanyakazi wa chini yao, hivyo hawahesabiwi nasi. Tukakuta watu 9 walioacha kazi, mmoja wao tulimzika mwaka uliotangulia. Ikabaki 368, nusu yake 184. Tulivuka kwa watu watatu. Ndiyo maana nasisitiza: msihesabu wanachama wenu tu, hesabuni na orodha ya mwajiri.

Mimi sijajiunga na chama. Mbona nakatwa?

Huwezi kulazimishwa kuwa mwanachama. Lakini sheria inaruhusu chama chenye wengi na mwajiri kukubaliana kwa maandishi kwamba asiyejiunga naye akatwe ada ya uwakala, kwa sababu nyongeza ikija na yeye anaipata. Ada hiyo haizidi ile ya mwanachama, inaingia akaunti yake ya peke yake, na haipelekwi kwenye chama cha siasa. Kama hakuna makubaliano hayo na wewe hukusaini fomu, makato hayo hayana msingi, dai urudishiwe.

Sisi ni vibarua, tena tumeletwa na wakala. Tunaingia wapi?

Swali hili ndilo linalonikosesha usingizi.

Zamani kiwanda kilikuwa na wafanyakazi wa kudumu na vibarua wachache wa msimu. Siku hizi unakuta laini moja ya uzalishaji, watu ishirini: sita wa kudumu, wanane wa mikataba mifupi inayorudiwarudiwa, sita wa wakala. Wanavaa aproni za rangi tofauti. Wanabeba robota lile lile, jasho lile lile, na Ijumaa wanapanga foleni kwenye madirisha tofauti. Mwajiri hahitaji kuvunja chama hapo. Anapunguza tu wa kudumu mmoja mmoja mpaka chama kinabaki cha wazee wanaongoja kustaafu.

Sheria haisemi kwamba mfanyakazi lazima awe wa kudumu ndipo ajiunge na chama. Kibarua anayefanya kazi chini ya usimamizi wa mtu na kulipwa naye ni mfanyakazi, na Sheria ya Taasisi za Kazi inaweka dalili za kutazama kabla ya kumwita mtu "mkandarasi": je, anapangiwa saa, anasimamiwa namna ya kufanya kazi, anapewa vifaa na huyo anayemtumikisha? Kuhusu mawakala, kanuni za mwaka 2014 zililenga kuwarudisha kwenye kazi yao ya kuunganisha mtu na ajira badala ya kuwa waajiri wa kivuli. Muulizeni wakala wenu kwa maandishi nani mwajiri wenu, na mtunze jibu.

Nasi viongozi wa vyama tuna kosa letu. Tuliwaacha vibarua kwa sababu makato yao ni madogo na hayana uhakika. Tulikuwa na kikao mwaka mmoja ambapo ofa ya mwajiri ilikuwa nzuri kwa wa kudumu na tukasaini bila kifungu hata kimoja cha vibarua. Miaka miwili baadaye hatukuwa tena na nusu ya wafanyakazi. Leo ningeweka kwanza kifungu kinachosema kibarua akitimiza miezi kadhaa anaajiriwa, hata kama nyongeza ya mwaka huo ingekuwa ndogo.

Mezani mwajiri anasema kampuni inakula hasara. Tutajuaje?

Ombeni hesabu. Sheria inamtaka mwajiri akipe chama kilichotambuliwa taarifa zinazohitajika ili majadiliano yaende. Yapo anayoweza kuficha, kama siri za mawasiliano na wakili wake au habari binafsi za mtu, lakini hawezi kusema "hasara" halafu afunge kabati. Mkinyimwa, nendeni CMA.

Ila msitegemee karatasi zake peke yake. Mwaka ule tulioambiwa soko limekufa kwa sababu ya mitumba na vitambaa vya nje, mama mmoja wa kufungasha alikuwa na daftari la shule la mwanawe, lile la kurasa 96. Kila shifti alikuwa akiandika marobota yaliyotoka, kwa penseli, pamoja na namba za malori. Hakuwa ameagizwa na mtu. Tulipojumlisha, marobota yalikuwa yameongezeka. Mwajiri akasema bei ndiyo imeshuka, na kwa kweli hilo lilikuwa kweli kidogo; mitumba iliumiza viwanda vyetu, sitaki kumnyima mtu haki yake. Lakini mazungumzo yalitoka kwenye "hakuna kitu" yakafika kwenye "kiasi gani". Tulipata asilimia ndogo kuliko tuliyotaka, na basi la shifti ya usiku.

Mkataba ukishasainiwa unaanza lini, na unamhusu nani?

Unafunga pande zote siku ya saini ya mwisho, isipokuwa wenyewe umesema tarehe nyingine. Unawahusu wanachama na wasio wanachama waliomo kwenye eneo la majadiliano. Nakala inapelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Jirani zetu wa Kenya wana utaratibu tofauti: kwao makubaliano yanapata nguvu yakisajiliwa mahakamani, kwa hiyo ukisoma habari za Nairobi usichanganye.

Msiruhusu nakala ikae kwa katibu peke yake. Bandikeni ubaoni.

Tukishindwa kukubaliana tunaweza kugoma?

Ndiyo, mgomo ni haki ya kisheria. Lakini hatua zake ni nyembamba na wengi wameanguka humo.

Kwanza suala liwe la maslahi, yaani kitu mnachotaka mpate, kama nyongeza. Kama mnadai kile ambacho mkataba au sheria tayari imewapa na mwajiri hatoi, hilo ni la kupeleka CMA na mahakamani. Pili, lipelekwe Tume kwa usuluhishi, siku 30. Tatu, chama kipige kura kwa katiba yake na wengi wakubali. Nne, mwajiri apewe notisi ya saa 48. Mkiwa ndani ya mkataba unaohusu suala hilo hilo, hamwezi kugoma juu yake mpaka muda uishe. Waliomo kwenye huduma za lazima, yaani maji na usafi wa maji taka, umeme, afya na maabara zake, zimamoto na uongozaji wa ndege, wana masharti yao.

Mgomo uliofuata njia hiyo haukufanyi uwe umevunja mkataba wa ajira, mwajiri hakufukuzi kwa sababu yake wala haruhusiwi kuleta watu wa kushika nafasi zenu. Mshahara wa siku hizo haulipwi. Nanyi hamruhusiwi kusimama getini kuzuia watu, wala kumfungia meneja ofisini. Hili la mwisho nimeliona likifanywa kwa hasira za haki kabisa, na likawapa wenzetu kesi ambayo hawakuwa nayo asubuhi.

Oktoba 2007 wachimbaji wa mgodi wa Bulyanhulu waliweka zana chini. Kampuni ikasema mgomo haukufuata sheria, na wengi wakapoteza kazi. Ndiyo mwaka ambao sheria mpya ilikuwa bado ngeni machoni petu sote. Madai yao ya mshahara na afya yalikuwa ya watu wanaoshuka chini ya ardhi kila siku. Kilichojadiliwa baadaye kikawa utaratibu.

Na watumishi wa serikali?

Wana sheria yao ya majadiliano ya mwaka 2003 na mabaraza yao. Kubanwa wanakujua vizuri. Mwaka 2010 TUCTA ilidai kima cha chini cha shilingi 315,000, Rais Kikwete akajibu hadharani kwamba serikali haina uwezo huo, na mgomo uliopangwa Mei haukufanyika. Mwaka 2012 walimu, chini ya chama chao CWT, waligoma mwisho wa Julai, na mahakama ikausimamisha mgomo ndani ya siku chache.

Kampuni inauzwa na tunasikia watu watapunguzwa. Chama kina nafasi?

Kina nafasi, mradi kiingie mapema. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya nia ya kupunguza, kueleza sababu, na kushauriana na chama kilichotambuliwa kuhusu namna ya kuepuka, vigezo vya nani aondoke, muda, na malipo. Barua ikifika kwa mtu kabla ya kikao hicho, kuna kasoro. Pelekeni Tume upesi, kwani malalamiko ya kuachishwa kazi yana siku 30 tu.

Kuhusu kiinua mgongo, fanyeni hesabu wenyewe. Sheria inatoa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 15 anapata siku 70. Siku sabini kwa miaka kumi na mitano! Ndiyo sababu kifungu cha kupunguzwa kazi kiandikwe kwenye hali bora wakati kiwanda kinaenda vizuri, mwajiri hana wasiwasi na kalamu ni nyepesi. Wakati wa kuuza umechelewa.

Viongozi wetu wa tawi wanakula na bosi. Tufanyeje?

Waondoeni kwenye uchaguzi wa tawi, na kabla ya hapo wabaneni kwa utaratibu: asiende mtu mmoja kuonana na menejimenti, taarifa ya kikao isomwe siku hiyo hiyo, mkataba usisainiwe kabla rasimu haijasomwa kwa wanachama. Pia tumieni nafasi zote mlizopewa. Wanachama zaidi ya 100 wanaruhusiwa wawakilishi 15, na angalau watano wawakilishe wanawake ikiwa wapo. Nimeona matawi makubwa yakijiendesha kwa watu watatu, wanaume wote, kisha tunashangaa kwa nini chumba cha kunyonyeshea hakikutajwa mezani.

Tuko wachache sana. Tuanzie wapi?

Hata mkiwa chini ya kumi mna haki ya mwakilishi mmoja, na mkifika wanachama kumi chama kinaweza kufungua tawi hapo kazini. Tafuteni chama cha sekta yenu: TUICO kwa viwanda, biashara na benki, TPAWU kwa mashamba, CHODAWU kwa hoteli na kazi za majumbani, TAMICO kwa migodi na ujenzi. Nendeni ofisini kwao, chukueni fomu.

Andikeni majina ya wote mnaofanya nao kazi, idara kwa idara, pamoja na vibarua. Jazeni fomu wakati wa chakula, nje ya saa za kazi, na kila fomu ipigwe nakala. Fomu za asili zisikae kwenye kabati la ofisini hata kama mmepewa ufunguo. Na mtu mmoja akubali kuja saa nne usiku, akae na shifti ya usiku kwenye benchi lao mpaka wanywe chai, kwa sababu wao ndio husahauliwa, na kwetu ndio waliotupa wale watatu.